Kabla Hujasema Mwimbaji Wako Kaisha

Mie kipimo changu cha wimbo ni mkono wa gauni. Nina cherehani Kikwajuni mwaka wa 26 sasa, na tangu siku ya mwanzo muziki upo pembeni yangu: kwanza redio ya kanda, siku hizi simu niliyoitumbukiza ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke. Wimbo wa taarabu asilia, ukianza na muziki mtupu wa fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, mpaka ukafika ubeti wa mwisho, ulinitosha kushona mkono mzima wa gauni la biharusi, kuugeuza, na kuanza kuutia wa pili. Albamu mpya ya mwimbaji wangu ilipotoka, wimbo wa kwanza ulikwisha bado natafuta ncha ya uzi.

Jina lake silitaji. Unguja hii ndogo, yeye ni mtu wa watu, na mie bado nataka kualikwa harusini. Nitamwita Bi Mkubwa, kama wengi tunavyomwita. Nilimsikia mara ya kwanza nikiwa na miaka 13, Idi pili, ukumbi wa Salama pale Bwawani, nimekaa mapajani pa shangazi kwa sababu viti vilikwisha. Alikuwa amesimama wima kama mlingoti, hachezi, hatikisi hata kiganja, na nyuma yake wapigaji wamejipanga safu mbili. Aliimba juu ya chombo kilichokwenda joshi kikasahau bandari yake. Shangazi akalia. Mwanamke wa mbele yetu akacheka. Wa pembeni akanyanyuka na noti akaenda kumtunza mwimbaji, yaani kumpa pesa mkononi, huku anamtizama mwenzake wa meza ya pili kwa jicho ambalo hata mtoto kama mie nilijua lina jambo. Wimbo mmoja, na kila mtu kapata wake. Hapo ndipo nilipokamatwa, na sijaachiwa mpaka leo.

Sasa njoo kwenye albamu. Nyimbo 10. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenitilia kwenye simu, Alhamisi jioni, nikafunga kazi mapema, nikapika kahawa, nikakaa kama mtu anayesubiri mgeni kutoka Pemba. Wimbo wa kwanza nikasema labda ni wa kufungulia. Wa pili nikaongeza sauti, nikadhani tatizo ni simu. Wa tatu ukaja na ile ngoma ya amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, dum, dum, kama mtu anagonga tangi tupu la maji, na juu yake sauti ya Bi Mkubwa imenyooshwa, laini, haina hata mkunjo mmoja. Sauti imepigwa pasi. Anayejua kitambaa atanielewa: kaniki unaweza kuipiga pasi utakavyo, lakini mahameli ukiyabandika pasi juu yake umeyaua, malaika yote, vile vinyweleo vyake, yanalala, na hayanyanyuki tena. Sauti yake ilikuwa mahameli.

Nikafanya ambalo ndilo lililonileta kuandika haya. Nina grupu la WhatsApp la wenzangu wa sare, wanawake wapata 60, tunaoshona nguo moja kwa kila harusi kubwa. Usiku ule ule nikarekodi sauti yangu, dakika nne na ushei. Nilisema Bi Mkubwa kaisha. Nilisema kauza utamu wake kwa vitoto vya studio. Nilisema na mengine ambayo siyarudii hapa, mamangu yu hai na siku hizi anasoma simu.

Jumanne iliyofuata akaja biharusi mmoja kujaribu gauni. Nimepiga magoti chini, nabana kiuno chake, pini nane zimo mdomoni. Akatoa simu, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bi Fundi, hebu sikiliza. Hii si sauti yako?" Na mie nikajisikia mwenyewe, ndani ya chumba changu mwenyewe, nikisema kaisha, kaisha. Mama yake huyu binti na Bi Mkubwa ni tumbo moja. Sikujua. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Na kwa zile pini mdomoni, hata "samahani" sikuweza kuitoa. Nilibaki namtizama kutoka chini kama mbuzi wa Idi.

Basi ushauri wangu wa kwanza umenigharimu aibu hiyo, upokee bure: usiseme kitu usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza hausikilizi albamu. Unaitafuta ile ya zamani ndani yake, kama mtu aliyeingia nyumba ya ndugu iliyojengwa upya, akawa anapapasa ukutani swichi ya taa pale ilipokuwa zamani. Nyumba huijui bado. Unachojua ni kuwa swichi haipo.

Yule binti hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa juu ya kigoda, gauni limejaa pini, akanieleza. Mzee aliyekuwa akimtungia Bi Mkubwa mashairi alifariki miaka kadhaa nyuma. Mpiga kanuni kawafuata wanawe Muscat, anarudi mwezi wa Ramadhani tu. Wapiga fidla wawili wazee, mmoja mikono inatetemeka. Kuwaweka watu 12 studio siku tatu, na chakula chao, na nauli, na studio yenyewe inahesabu saa, pesa hizo Bi Mkubwa hana. Kijana mwenye kompyuta moja alimaliza kila kitu kwa wiki mbili, tena kwa mkopo.

Nilinyamaza, kwa sababu hili ni jambo ninalolijua kwa vidole vyangu. Mteja akivaa gauni likamkaa, anasema "fundi huyu hodari." Haulizi nani kakata. Mie kwa miaka tisa nilikuwa na mkataji, mama mmoja wa Jang'ombe, mkasi wake ulikuwa unajua mwili wa mtu kabla ya futi. Alipoacha kazi, wateja wawili wakaniambia nimeharibika. Sikuharibika. Mkono uliokuwa chini ya mkono wangu ndio ulioondoka. Na mie kwa Bi Mkubwa nimefanya vile vile: nilimpenda mtunzi, nilimpenda mpiga kanuni, nilipenda fidla zile zinazojibizana naye, yote nikayatia katika jina moja kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama mbele. Albamu yako ikikuvunja moyo, tafuta kwanza nani hayumo. Soma walioandikwa kwenye kanda ya zamani, kama bado unayo, uwalinganishe na wa sasa. Mara nyingi utakuta mwimbaji ni yule yule na waliobadilika ni watu saba.

Mamangu ndiye aliyenicheka kuliko wote. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyekuwa ukitoroka kwa dirisha kwenda rusha roho?" Na kweli. Rusha roho ni ile taarabu ya kisasa, ya kuchezeka. Miaka ya tisini, kundi la East African Melody na wenzao walipoingia, wazee wetu walisema ile si taarabu. Maneno hayana stara, kinanda kimemeza fidla, na wanawake badala ya kukaa vitini wakasikiliza wanainuka kucheza. Mamangu aliikataa nyumbani kwake. Sasa naisikia redioni, inaitwa zilipendwa, na yeye mwenyewe anaitikia akiwa jikoni.

Hata ufupi wa nyimbo, ambao mie nilidhani ni ugonjwa wa vijana, nilikuja kuona si mpya hivyo. Siti binti Saad, aliyeitoa taarabu kwenye Kiarabu cha jumba la Sultani akaitia Kiswahili cha watu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri za wakati ule, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Basi na yeye alikatwa. Walioimba usiku kucha uani walilazimika kuingia ndani ya kisahani. Kanda ilipokuja, nusu saa kila upande, ndipo wimbo ukapumua na mie nikapata mkono wangu wa gauni. Sasa simu imeurudisha kule kule. Nilizaliwa katikati, wakati kitambaa kilikuwa kirefu, nikadhani ndio urefu wa dunia.

Sikwambii haya ili uikubali albamu. Mie sijaikubali. Nakwambia ili ujue unalalamikia nini, kwa sababu yapo malalamiko ya haki na yapo ya mtu aliyezeeka.

Njia niliyoitumia kuyatenga ni hii. Nilipanda juu ya kabati nikaitoa kanda yangu ya Bi Mkubwa, ile niliyoinunua Darajani kwa pesa ya kwanza ya cherehani. Dakika 60, nyimbo sita. Nikapata redio ya kuazima. Kabla hata sijaipiga, nikaona kwenye karatasi yake, kwa kalamu ya wino, nimetia alama nyimbo nne. Mbili sikuzitia. Nilipozisikiliza nikakumbuka kwa nini: nilikuwa nikizirusha mbele kila mara. Moja inaburura kama mashua iliyokwama fungu, na ya pili ni ya kusifia mtu fulani aliyelipa. Miaka yote hii kichwani mwangu kanda ile ilikuwa na nyimbo nne tamu tupu. Ndivyo kumbukumbu inavyorekodi, inaacha za kurusha. Kwa hiyo usiipambanishe albamu mpya na kumbukumbu yako. Ipambanishe na kanda yenyewe, upande A na upande B, pamoja na zile ulizokuwa ukizikimbia. Hesabu yangu ilikuja nne kwa sita upande wa zamani, na mbili kwa kumi upande wa sasa. Bado nilikuwa na haki ya kusikitika, lakini sasa nilikuwa na haki ya kiasi fulani, si ya dakika nne za matusi.

Na nini hasa kilichopungua? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uchungu wangu wa kweli, na kwa muda mrefu sikuwa na maneno yake. Nilikuwa nasema tu "haina utamu." Aliyenipa maneno ni kijana mmoja, mteja wangu wa kanzu, aliyesoma kupiga udi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapa Mjini. Alinambia taarabu yetu imekaa juu ya maqamu, yaani ngazi za sauti, zilizokuja na muziki wa Misri, na baadhi yake, kama Rasti, Bayati na Saba, zina sauti zinazokaa katikati, baina ya kidude na kidude cha kinanda. Robo, wanaita. Ukibonyeza kidude hiki umepita, ukibonyeza kile hujafika. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinateleza mpaka kinapotaka. Fidla vile vile. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, ina vijiti vidogo vya chuma pembeni ambavyo mpigaji anavinyanyua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto ili apate ile robo. Na koo la mtu, hilo halina haja ya kitu.

Sasa chukua wimbo wa namna hiyo uutie katika kompyuta ya kijana aliyezoea Zenji Fleva, muziki wa vijana wa hapa Unguja. Vipo vinanda vya umeme vinavyoweza kurekebishwa vikatoa robo, lakini ni lazima anayekirekebisha awe anajua kuna kitu anakitafuta. Halafu ile programu ya kunyoosha sauti. Kazi yake ni kuikamata kila sauti iliyo katikati na kuisukuma kwenye kidude cha karibu, kwa sababu yenyewe inadhani mwimbaji kakosea. Bi Mkubwa anaimba robo yake, aliyoilea kooni miaka 40, na mashine inamsahihisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kijana wa kanzu aliponieleza hivyo nilisimamisha cherehani. Hiyo ndiyo pasi yangu juu ya mahameli! Nilikuwa nimeisikia, jina lake tu ndilo nililokuwa silijui.

Na walichokuwa wakificha ni uzee. Sauti ya mwanamke ikifika umri inashuka, inakwaruza, pumzi inakatika mahali ilipokuwa haikatiki. Hilo ni la Mungu. Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarabu, aliimba mpaka karibu na kufa kwake, mwaka 2013, na mkwaruzo ule ndio watu walioufuata kutoka nchi za mbali, kila Februari, pale Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara. Hakuna aliyemwambia ajifute mikunjo. Kwa hiyo malalamiko yangu kwa albamu hii, nikiyaandika upya leo, si kuwa Bi Mkubwa kazeeka. Ni kuwa walimzuia kuzeeka.

La maneno silirefushi. Zamani angeimba samaki, ua, au ndege, na ukumbi mzima ukatizamana. Katika albamu hii anasema tu wewe ulinidanganya, nami nimekuacha, kwaheri. Nani atakwenda kumtunza nani kwa hapo? Aliyekuwa akiyafuma mafumbo yuko kaburini, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lipo jingine nililoligundua ambalo litawafaa hasa mlio mbali, mnaosikiliza kwa simu tu. Ukumbini mwimbaji anajua papo hapo. Wimbo ukigusa, wanawake wanapanga mstari na noti mikononi. Usipogusa, wanakwenda kununua soda. Hapo albamu nzima inapigiwa kura bila mtu kufungua mdomo. Simu imeondoa mizani ile. Mie albamu ile niliisikiliza mara tatu kwa hasira, niipate vizuri makosa yake, na kule kwenye YouTube hesabu ikapanda mara tatu kama vile nimemtunza. Tena wimbo nilioupiga zaidi ni ule wa amapiano, nikiwaonyesha watu ubaya wake. Kijana wa kompyuta ataangalia namba, atasema huu ndio walioupenda. Basi wimbo usioupenda uache, usiuchezee hata kwa kuusema. Ule mmoja au miwili uliyoipata, ipige, mtumie mwenzako, nenda ukumbini ukautunze. Ndiyo lugha pekee inayomfikia.

Na nenda kweli, kabla hujakata kauli. Harusi ya yule binti ilikuwa wiki tatu baadaye, na mie nilialikwa, sijui kwa wema au kwa adhabu. Bi Mkubwa aliimba. Walikuwapo udi mmoja, fidla mbili, ngoma ya dumbaki, na kinanda kilichopunguzwa mpaka kikawa kama hakipo. Wimbo wa pili aliouchagua ulikuwa wa saba katika albamu, mmoja katika ile nane niliyoikataa. Sikuujua mpaka ulipofika kiitikio. Sauti ilitoka chini, nzito, ina gamba, na alipoiparamia ile robo yake hakuna aliyemsahihisha. Wanawake wakaanza kuinuka. Kila anayekuja kutunza, Bi Mkubwa anaurudia mstari, anamwimbia yeye, anaukunja upande mwingine. Nilitizama saa ya simu aliponyamaza: dakika 11. Mkono mzima, na kuugeuza.

Na mie niliinuka. Nilikuwa na noti ya elfu kumi, nimeikunja jasho limeilowesha. Nikafika mbele yake, nikampa, akanishika kiganja asikiachie, akainama sikioni kwangu huku wapigaji wanaendelea. "Una sauti nzuri, Bi Fundi," akasema. "Ungeimba wewe."

Kijembe kile nimekistahiki, nacho kilikuwa na vina kuliko albamu yote.

Kwa hiyo hali ilivyo sasa: nyimbo mbili nilizozipenda tangu mwanzo zimo kwenye simu, na wa saba nao, lakini ule nilioupata harusini, aliourekodi mpwa wangu kwa simu yake, watu wanapiga vigelegele na mtoto analia pembeni. Zilizobaki nimezifuta. Mwanafunzi wangu wa cherehani, binti wa miaka 19, yeye albamu anaipenda yote, anasema ile dum dum inamsaidia kwenda mbio kwenye pindo. Tumekubaliana zamu, wimbo mmoja wake, mmoja wangu. Juzi kaja na malalamiko: wangu dakika 12, wake tatu, kwa hiyo anadai nne kwa mmoja. Nimepiga hesabu, na yuko sawa.